Leso ya Hamdani

Jioni ile Hamdani na mdogo wake, Rukia, walikuwa wakizindua wimbo wao mpya, uliopigwa kwa mtindo wa zamani kama nyimbo zao zote: gitaa moja na sauti mbili. Ulikuwa wimbo wa kumwomboleza mama yao, aliyefariki wakati wa masika. Ukumbi ulijaa hadi milangoni.

Hamdani alipofika kwenye ubeti wa ugonjwa, machozi yalimtiririka. Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja wa safu ya mbele alijifunika kanga usoni akalia kwikwi. Rukia naye macho yakamjaa, na kaka yake akamsogezea leso yake.

Rukia akaipeleka usoni. Ilinuka kitunguu.

Hakuamini, akainusa tena. Kitunguu kibichi, kilichopondwa kikakamuliwa kwenye kitambaa.

"Umefanya nini, kaka?" alinong'ona, akikipa mgongo kipaza sauti.

"Huoni wanavyolia?" Hamdani alijibu bila kuacha kupiga. "Jifute, ubeti wako unakuja."

Rukia aliitupa leso chini, akajifuta vidole kwenye gauni. Harufu haikutoka. Ubeti wake ulikuwa maneno ya mwisho ya mama, aliyoambiwa yeye peke yake, mama akiwa amemshika mkono. Akafunga mdomo.

Gitaa lilifika mahali pake pa kuingia, likapita, likarudi kumngoja. Hamdani akamkazia macho. Ukumbini kilio kilizidi, watu wakidhani uchungu umemkaba koo.