Baruti ya Vidole Vitatu

Fundi Mbaruku alikuwa amepunguza baruti mara nne, na bado, kila alipofyatua kwenye kichuguu nyuma ya karakana, komeo la bunduki liligoma kufunguka. Aliligonga kwa nyundo ya mbao. Ganda la risasi likatoka limevimba, kama lililoshindiliwa vipimo viwili vya baruti.

"Kesho mwanangu anaingia nayo porini," alisema Bi Tunu, mjane wa mwindaji ambaye bunduki ile ilichongwa kwa kipimo cha bega lake. "Marehemu hakuwahi kuiamini mizani yako, fundi. Kila risasi aliiongezea baruti ya vidole vitatu, kama chumvi kwenye mchuzi."

"Najua. Nilimgombeza mpaka siku zake za mwisho."

Safari hii Mbaruku hakutia baruti hata chembe kwenye risasi. Alilifunga kopo la baruti mezani, wakatoka wote wawili, akafyatua. Bunduki ikamsukuma hadi akapiga goti, na kichuguu kikapasuka.

Walirudi ndani. Kopo lilikuwa wazi. Katikati ya baruti palikuwa na mashimo matatu ya vidole vinene, na chembe zilikuwa zingali zikiteremka taratibu kuyafukia.