Picha Safi

"Mama, ukitikisika tu, picha inachafuka," alisema mpiga picha za eksirei hospitalini. "Hicho chuma cha nyongani chenyewe ni kisumbufu, kinang'aa kupita kiasi. Nisaidie."

"Nitabasamu?" mama akauliza.

"Hiyo si lazima."

Mwanawe, fundi cherehani, alitolewa nje, akabaki kwenye benchi akitafuna kucha. Daktari alikuwa amesema bila kuficha: kama kuna usaha kuzunguka chuma, lazima kitolewe haraka, la sivyo mguu wote unaweza kwenda. Kama hakuna, mazoezi yatamaliza maumivu. Picha ndiyo ingeamua. Fundi alimwomba Mungu kwa moyo wake wote, akaahidi mambo ambayo mwenyewe alijua hatayatimiza.

Mlango ukafunguliwa. Mpiga picha akatoka na bahasha kubwa mkononi, anafuta jasho, anacheka.

"Vipi?" fundi akamrukia.

"Safi! Safi kabisa, kaka! Mama yako jasiri, ametulia kama maji ya mtungini. Haya, mpelekeeni daktari."

Fundi nusura amkumbatie. Foleni ya daktari siku hiyo ilifika getini. Akaitazama, akaitazama bahasha, akacheka peke yake. Daktari wa nini tena? Wakaenda zao nyumbani.

Tangu hapo mama hakupata wa kumsikiliza. Akisema nyonga inamchoma, mwanawe alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Picha safi, mama. Fanya mazoezi." Akiacha chakula, aliambiwa anadeka. Mkewe fundi alipothubutu kusema kwamba mama mkwe ana homa tangu juzi, alijibiwa asimtie mama maneno mdomoni. Bahasha ilikaa juu ya kabati, haijafunguliwa, imelaliwa na vitambaa vya wateja.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," mama alisema siku moja, kisha akaacha kulalamika. Kila asubuhi aliuzunguka ua akishika ukuta, akihesabu hatua kwa sauti ili mwanawe asikie. Mkwe wake hakuweza kutazama. Aliingia jikoni akafunga mlango.

Wiki ya tatu mama alishindwa kuinuka kitandani. Fundi akafoka, ingawa zile hasira zilikuwa woga mtupu. Akakodi gari, akaipangusa bahasha vumbi, akampeleka kwa daktari ili aambiwe na mkubwa, labda ataamini.

"Mwambie wewe, daktari. Mimi hanisikii. Aliyempiga picha alisema ni safi kabisa."

Daktari alizipachika picha kwenye ubao wa taa. Akasogea karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha magurudumu, midomo ameibana.

"Kweli ni safi," daktari alisema taratibu, bila kugeuka. "Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijawahi kuuona usaha vizuri namna hii."