Trei ya Nne

Trei ya tatu ilitoka kwenye oveni ikiwa nyeusi ti. Soseji zilikuwa zimesinyaa kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na viazi, ajabu ya Mungu, ndani vilikuwa bado vibichi.

"Mume wangu," alisema mshonaji, amekaa kwenye stuli, mkono tumboni, "umefanyaje hata kikaungua na kisiive?"

"Mikono yangu ya beleshi hii," mumewe alijibu, macho chini. "Ilijenga barabara, haikujenga jiko."

Hiyo ilikuwa jana, Jumamosi. Leo mkoba wa mshonaji ulikuwa umeshafungwa, umekaa mlangoni: magauni mawili ya kulalia, kandambili, mswaki. Hospitali walimshikia kitanda mpaka saa kumi na mbili jioni. Asipofika anapewa mwingine, na yeye anarudi mkiani mwa foleni, miezi mitatu. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Uvimbe ule, alisema, hautangoja miezi mitatu.

Lakini angemwachaje mzee wake? Dawa zake hazitaki tumbo tupu. Chakula cha jirani hali. Sahani huirudisha kama ilivyofunikwa. Na tangu waoane, wakiwa wote wawili mvi zimeshawaota, hakuwahi kumwona akigusa sufuria. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Siku ya kwanza tu alimwambia, "Jikoni kwangu haingii mtu," naye akatii kama mtoto wa shule.

Basi Alhamisi aliweka sharti. "Sitoki humu ndani mpaka nile trei moja uliyooka mwenyewe, ikaiva." Akachagua chakula chepesi kuliko vyote. Kata mboga, changanya na mafuta na chumvi, panga soseji juu, ingiza, subiri. Asiyeweza hicho, hata ndizi atamenyewa.

"Haya, baba, tuanze," alisema. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Mzee alichukua kisu, akakinoa kwenye kitako cha kikombe, chwe chwe, kisha akaikamata karoti kama anayeikaba.

"Hiyo karoti au kuni?"

"Karoti."

"Basi mbona unaipasua?"

Akapunguza nguvu. Kipande kimoja kikatoka kama gogo, cha pili kama unyasi.

"Vilingane, mume wangu, viive pamoja. Haya, ongeza na viazi."

"Vikibanana vitachemka, havitaokeka," mzee alisema. Kisha haraka haraka, "Si ulisema wewe jana?"

Mshonaji hakukumbuka kusema. Siku hizi maumivu yalikuwa yanamla hata kumbukumbu.

"Na huko," mzee aliuliza bila kuinua uso, "ni wodi ile ile?"

"Ile ile."

Kisu kikasimama. Dada wa mzee aliingia wodi ile na mkoba kama huu. Kilichorudi nyumbani ni mkoba. Tangu hapo njia ya hospitali hakuipita tena. Hata akienda sokoni alizunguka.

"Dada yako alichelewa kwenda," alimwambia polepole. "Mimi nawahi."

Mzee alijifuta macho kwa kiganja. "Vitunguu hivi," alisema.

Vitunguu vilikuwa bado kwenye kikapu, havijamenywa.

Maumivu yakaja tena, yale ya kukunja mtu kama kitambaa. Mshonaji alishika ukingo wa meza mpaka yakapita.

"Nenda kajinyooshe," mzee alimwambia. "Yaliyobaki nayajua. Ikiwa tayari nitakuita."

"Unayajua! Unajua kuchoma tu, wewe."

Alienda. Akalala chali, akayatazama makenchi ya paa, akahesabu saa. Saa kumi na dakika kumi. Hii nayo ikiungua, hakuna ya tano. Atabaki, na kitanda kitapata mtu. Alipokumbuka kuwa hakumwambia moto uwe wa wastani, hakuweza kutulia. Akainuka, akatoka peku, akishika ukuta, mpaka mlango wa jikoni.

Hapo akasimama.

Kisu kilikuwa kikienda juu ya ubao kama cherehani yake yeye, na mzee hakukitazama hata mara moja. Karoti, hoho, vitunguu, vyote kipimo kimoja, kama vimekatwa kwa futi. Chumvi aliinyunyiza kutoka juu, kwa vidole vitatu. Akaitikisa trei mara moja tu, kila kipande kikalala mahali pake. Soseji akazichanja mshazari, akazipanga upesi, kama mtu ambaye nje ya hema lake kuna wajenzi mia mbili wa barabara wanagonga sahani.

Akaingiza trei. Akazungusha swichi ya moto mpaka mwisho, kwenye moto wa kuunguza. Kisha akavuta stuli, akaketi, mikono katikati ya magoti, akaikodolea oveni.

Mshonaji akanyata kurudi chumbani. Alikaa kitandani, akavaa viatu vya kwendea hospitali, akafunga kamba taratibu, kimoja, kisha cha pili.

"Mume wangu!" akaita. "Imeungua?"

Jikoni stuli ikakwaruza sakafu.

"Bado," sauti ikajibu. "Bado kidogo, mke wangu. Bado kidogo."