Nyayo Zilizoishia Ndani

Nyayo za swala ziliingia kwenye ushoroba, njia ya wanyama. Upande wa pili hazikutoka.

Mama Ramani, mpangaji wa uvunaji wa kampuni ya mbao, alilikagua tena tope la ng'ambo. Halikuwa na alama hata ya ukwato mmoja, kama limepigwa pasi.

Ushoroba ule ulikuwa jasho lake. Kati ya misitu miwili palikuwa na miti ya kuvunwa. Alipanga upya vitalu vyote, kimoja kikatwe na jirani yake kipumzike, kiwanda kisikose magogo na wanyama wabakiwe na ukanda wa kupitia. Msimamizi wa wakataji alimpinga kikaoni bila kupepesa macho. "Fyeka tu! Wanyama wana miguu, watazunguka."

Aliyemtetea alikuwa mmoja tu: mdogo wake, dereva wa lori la magogo, kitinda mimba aliyemlea kwa kumbeba mgongoni. Alibishana na wakubwa mpaka sauti ikamkauka. Ndiye aliyeshauri ukanda ubanwe pale kijitoni, uwe mwembamba kama uchochoro, ili wakubwa walegee. Wakalegea. Siku hiyo dada mtu alilia kwa furaha.

Sasa alimwendea msimamizi, moyo ukimchemka. "Wanyama wangu umewafanya nini?"

Msimamizi akazima msumeno. "Mimi nilitaka miti, mama, na nilikwambia usoni. Humo sijatia mguu."

"Basi ni vijana wako!"

Msimamizi akamtazama kwa huruma, akawasha msumeno wake tena.

Mama Ramani alimpigia mdogo wake simu. "Njoo upesi. Naingia ushorobani kuwakamata wezi wa swala."

"Lori limenizimikia barabara kuu, dada," alijibu akihema. "Usiingie peke yako, nakusihi. Nisubiri."

Hakusubiri. Alipenya vichakani akifuata nyayo, na kadiri miti ilivyobanana ndivyo zilivyozidi kuwa nyingi. Karibu na kijito alisikia mnyama akilia kwa sauti ya kukabwa. Mtu alikuwa amechutama, amempa mgongo, kisu mkononi.

Mama Ramani akaokota tawi, akalinyanyua juu. "Umepatikana leo, mshenzi wewe!" Akamkimbilia.

Yule mtu aligeuka, akanyoosha mikono yote miwili kumzuia, macho yamemtoka kwa hofu.

"Dada, simama! Usikanyage hapo, nimetega!"