Vikanyagio vya Abiria

Katibu wa kijiji alimwamkia fundi Ntakirutimana mara mbili asubuhi hiyo, kana kwamba shikamoo ya kwanza haikutosha.

Alileta pikipiki ya kijiji. Kuna askari wa kufuatwa hospitali, Biharamulo, alisema, naye hawezi kukaa bila kushikiliwa. Awekewe kiti chenye egemeo na mkanda wa kumfunga kifuani.

"Egemeo la urefu gani?"

"Pima kwa mgongo wako, mzee."

Fundi alikunja nondo, akazikaza kwa bolti, akashonea juu yake kipande cha godoro. Kutoka hapa kijijini Kirushya walikwenda vitani vijana tisa, na mwenye mgongo mrefu kama wake alikuwa mmoja tu, mwanawe. Lakini aliye hospitali yu hai. Akaanza hata kupiga mluzi.

"Nitavishusha vikanyagio vya abiria," alisema. "Ana miguu mirefu yule. Toka Biharamulo mpaka hapa magoti yatamuuma."

Katibu alivua kofia.

"Cha kushoto kiondoe, baba."

Mluzi ulikoma. Fundi alichukua spana. Nati ilikuwa na kutu, ikamchubua vidole kabla ya kulegea. Kikanyagio kikaanguka vumbini, mpira wake ungali mpya.

Alibaki amechuchumaa, hakuinua uso.

"Na cha kulia?"

Katibu aliigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

Ntakirutimana alihamia upande wa pili wa pikipiki, akaiweka spana kwenye nati.