Sharti la Mlango wa Bi Mashavu

Siku hizi Tanga hakuna anayeitikia hodi kwa mdomo. Mgeni akisimama mlangoni, seva ya mtaa humtungia ukurasa wake papo hapo kwenye kioo cha mlango, kwa kufuata masharti aliyoyaandika mwenye nyumba.

Bi Mashavu alikuwa akiwalalamikia majirani kwamba mdogo wake, Zuhura, amemtupa. Alhamisi alipofungua masharti yake ili amwongeze mpangaji mpya, akakutana na mstari alioandika siku waliyogombania rangi ya sare za harusi: "Kama ni Zuhura, sema sipo. La sivyo, sema karibu." Chini yake kumbukumbu za mlango zilionyesha: kumbe Zuhura alikuja kila Ijumaa kwa miezi minne! Akaufuta mstari ule.

Kesho yake kioo kikaandika "Karibu." Zuhura akaingia, wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, kisha wakakaa kula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki. Bi Mashavu akamsimulia habari ya ule mstari, akajihisi mwepesi kama aliyetuliwa mzigo.

"Hata mimi nilikuandikia hivyo hivyo mlangoni kwangu, dada," Zuhura akasema.

"Umeshafuta?"

Zuhura akavuta sahani. "Samaki huyu mtamu kweli, dada. Umemtia nini?"