Ndoa ya Nyundo

"Funga mlango, mama! Baba yuko darajani na bastola!"

Elspeth, mke wa mhunzi, akaukomea. Binti aliyeingia, Harriet, alikuwa ameloa chepechepe. Mchumba wake, Barnaby, alitokwa na jasho ingawa nje theluji ilianguka.

Hawakuulizwa wanataka nini. Vijana wa Kiingereza walionyimwa ruhusa na wazazi walikimbilia hapa Gretna, upande wa Uskoti, kwa mhunzi. Murdo, mume wa Elspeth, akigonga fuawe kwa nyundo mbele ya mashahidi, ndoa imefungwa, na hakuna baba wa kuifungua.

Elspeth akamvika binti shali yake mwenyewe, kisha akachungulia dirishani. Gari la yule baba lilikuwa limesimama ng'ambo ya daraja. Mzee ameinama, anakagua kwato za farasi, mmoja baada ya mwingine.

"Farasi wake wamechoka, bahati yenu. Mume wangu, fanya hima!"

Murdo akainua nyundo. "Barnaby, unamtaka huyu?"

"Namtaka. Ila... tungengoja kiangazi? Barabara zingekuwa kavu."

"Kwani unaoa barabara?" Murdo akamaka. "Chuma hupigwa kingali moto, kijana!"

"Mwaka jana alisema tungoje mavuno," Harriet akasema kwa upole. "Kabla ya hapo, tungoje paka wa shangazi yake azae."

"Alikuwa na mimba ngumu," Barnaby akajitetea.

Paa! Bastola ikalia huko nje. Kunguru wakatawanyika. Gari likaanza kuvuka daraja, na sauti nene ikanguruma: "Yuko wapi huyo mwizi wa binti yangu? Nimle nyama!"

Barnaby akaukumbatia mkono wa Harriet kama mtu anayezama. "Namtaka! Leo! Sasa hivi!"

"Nami namtaka," akasema Harriet.

Ngaa! Nyundo ikatua.

Mlango ukasukumwa, komeo likaruka. Mzee akaingia, bastola ingali inafuka moshi. Elspeth akasimama mbele ya maharusi na koleo mkononi.

"Umechelewa, bwana. Wameshaoana."

"Nyundo imegonga? Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya."

Mzee akaiweka bastola chini, akatoa kichwa nje ya mlango.

"Mke wangu, hatimaye kaoa!" akapaza sauti kuelekea garini. "Teremsha keki!"